Mwaka Kayaki ya Traugott Ilipokataa Kuungika

Traugott Wendland alipima mizigo ya watu katika stesheni yetu kwa miaka thelathini na moja, na alikuwa na tabia ya kuuliza kilichomo ndani hata kama hakikumhusu. Ila mtu akishuka kutoka Berlin na kayaki ya kukunja, hakuuliza. Aliinua mkoba mmoja, akainua wa pili, akasema, "Humu fito, humu ngozi, na usukani umeuacha nyumbani." Mara nyingi usukani ulikuwa umeachwa nyumbani kweli, na mtu wa Berlin akabaki amekasirika kana kwamba Traugott ndiye aliyeuficha.

Mimi naitwa Gernot. Nilikuwa fundi wa kuezeka paa, na nimemzidi Traugott miaka miwili. Tuliingia Chama cha Korongo, chama cha wapiga makafi wa ziwa letu, pamoja, mwaka wa sabini na moja, au sabini na mbili. Daftari la chama linasema sabini na tatu, lakini aliyeliandika alikuwa mlevi. Tulinunua kayaki za kiwanda kimoja, aina moja, za watu wawili, buluu juu na kijivu chini. Ya kwake ilifika kwanza. Ya kwangu niliingoja miaka miwili zaidi, na kwa miaka hiyo miwili nilimnunia kila alipopita akipiga makafi na kuimba.

Mashua hizi huishi katika mikoba miwili. Mmoja una ngozi, turubai juu na mpira chini. Mwingine una mifupa yake, fito na mbavu saba za mbao, na kila ubavu umepigwa mhuri wa namba. Unaunga nusu ya omo, yaani ya mbele, unaunga nusu ya tezi, ya nyuma, unazisukumia ndani ya ngozi, unazikutanisha katikati na kukandamiza mpaka zinase, kisha unapachika mbavu za katikati. Mke na mume wakiwa na mashua moja, kwetu anayekaa mbele huunga mbele, anayekaa nyuma huunga nyuma, na hakuna kugusa nusu ya mwenzako. Na iko desturi kubwa kuliko hiyo: humsaidii mtu kuunga mashua yake mpaka akuombe. Kutazama ruhusa. Kutoa maoni ruhusa zaidi.

Mke wangu alikaa omo ya mashua yangu misimu mitatu, halafu akahamia Rostock na mtu mwenye gari. Tangu hapo nikawa naunga nusu zote mbili peke yangu, na sikuwahi kumwomba mtu.

Omo ya Traugott ilikuwa ya Almut, mkewe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpimaji dawa katika duka la dawa, asiyesema sana. Fungate yao waliila katika ziwa la Plau, chini ya hema, na mvua ikawanyeshea siku nane mfululizo. Traugott alitusimulia mvua hiyo kila mwaka, na kila mwaka ikaongezeka siku. Almut hakumsahihisha. Aliunga nusu yake polepole, ubavu baada ya ubavu, huku Traugott amekwisha maliza ya kwake na kusimama mikono kiunoni.

"Almut, samaki wanazeeka huko," angesema.

"Waache wazee," angejibu Almut, bila kuinua kichwa.

Walikaa hivyo miaka arobaini na minne. Septemba ya mwaka 2018 Almut alikuwa anaanika nguo uani, moyo ukasimama, na Traugott akamkuta ameshika kibanio.

Oktoba huwa tunafunga msimu. Tunavunja mashua, tunaosha kila kipande, tunakausha, tunaupaka mpira poda, na kila mtu anapanda na mikoba yake kuilaza darini mpaka Aprili. Mwaka ule mvua haikukatika. Karakana yangu ina jiko la kuni, kwa hiyo niliegemeza mbavu zangu na mbavu za Traugott pamoja ukutani zikauke. Yeye alikaa juu ya ndoo akizitazama tu. Nilimwonea huruma, na huruma ikinishika mimi huwa nakuwa mkali.

"Nenda nyumbani ukalale," nikamwambia. "Nitakufungashia mimi."

Akaenda. Nikafungasha mikoba yote minne mwenyewe. Nilihesabu, moja hadi saba, na tena moja hadi saba. Miwani yangu ilikuwa ndani ya nyumba, lakini namba zile ni kubwa. Niliona nimetenda jambo jema, na niliendelea kuliona jema miezi sita.

Majira ya baridi Traugott alianza kutuchanganya. Aliandaa sahani mbili mezani, akazitazama, akarudisha moja kabatini, kisha akasahau ni ipi iliyokuwa ya kwake. Siagi ilipatikana katika kabati la viatu. Siku moja ya Januari alikwenda stesheni na kumuuliza kijana wa tiketi kwa nini ofisi ya mizigo imefungwa, na ofisi hiyo ilifungwa tangu mwaka wa tisini na nne. Aliponisimulia hayo alikuwa akicheka, lakini macho yake yalikuwa yananiuliza. Sikujua anaulizwa nani, mimi au yeye.

Katikati ya Machi alinipigia simu. Nilimkuta sebuleni, meza imesukumwa ukutani, ngozi ya mashua imetandazwa zuliani, naye amepiga magoti katikati ya fito akitokwa jasho.

"Gernot, hebu niangalizie. Namba zote zipo. Moja hadi saba. Haziingii."

"Umegeuza omo na tezi."

"Nimegeuza. Halafu nikageuza tena. Sasa sijui ilivyokuwa kabla sijageuza."

Kweli haikuingia. Ubavu wa pili ulisimama juu kidogo, ngozi ikakataa kujivuta, na wa tatu haukupata mahali pake kabisa. Nilijaribu nami nikachanganyikiwa, na kwa kuwa sipendi kuchanganyikiwa, nikaona kosa ni lake. Nikamwambia alete nyundo ya mpira.

"Ukilazimisha, ujue umekosea mahali," akasema. Hilo alikuwa akilisema tangu ujana wetu, na kila mara liliniudhi.

"Basi umekosea mahali."

"Hii nusu ni ya Almut," akasema polepole. "Nimemtazama akiiunga miaka arobaini na minne. Niliijua. Nikishika ubavu naujua, nikiuweka siujui." Akanigeukia. "Za kwako ziko sawa?"

Mikoba yangu ilikuwa darini, sikuwa nimeifungua. Ningeweza kusema hivyo.

"Za kwangu zitakuwa na shida gani?" nikamjibu. "Mimi bado nina akili zangu."

Nilisema maneno hayo kwa kinywa hiki. Traugott aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa uzito wa mzigo wake, akaanza kukusanya fito moja moja.

Wiki ile ile binti yake, Frauke, alinipigia kutoka Leipzig. Ni mwalimu, amerithi utulivu wa mama yake.

"Mjomba Gernot, niambie ukweli. Baba yukoje?"

Nikamwambia. Sahani, siagi, stesheni. Nikamaliza kwa mashua. "Mashua yake mwenyewe, mwanangu. Haijui tena."

Halafu akasema amepata chumba katika nyumba ya wazee karibu na kwake, chenye dirisha la bustani, na wanataka jibu siku ya Jumatatu ya tatu ya Aprili. Nyumba ya hapa itauzwa. Alikuwa analia, na mimi nilijiona mtu wa kutegemewa.

Traugott hakugombana na binti yake. Alimwekea sharti moja, naye Frauke akalikubali kwa sababu alimpenda: Jumapili ya kufungua msimu aje chamani atazame. Baba akiunga mashua peke yake kabla keki ya chama haijakatwa, atabaki nyumbani kwake na jambo hilo halitatajwa tena. Akishindwa, Jumatatu atatia sahihi mwenyewe.

Nilimwambia sharti hilo ni la kijinga.

"La kijinga ni lipi?" akaniuliza. "Mimi mwenyewe nataka kujua. Nikiamka usiku na kujiuliza kama nimo au simo, nani wa kunijibu? Mashua itanijibu."

Jumapili hiyo kulikuwa na jua na upepo mdogo. Nilisahau kafi langu nyumbani, jambo linalompata kila mtu, nikarudi kulichukua nikiwalaumu majirani. Nilipofika tena, nyasi zilikuwa zimejaa fito na watu waliopiga magoti. Henrike, mwenyekiti wetu, alikuwa ameweka keki ya matufaha mezani chini ya wavu wa nzi. Frauke alisimama kando ya meza na koti lake la mjini, kikombe mkononi, asinywe.

Mashua yangu ilinipa taabu. Mbavu mbili zilikuwa fupi, zinachezacheza. Nikakunja kipande cha zulia nikakisokota chini yao, nikapiga nyundo mpaka zikakaa. Mbao hubadilika na unyevu, nikajisemea. Nilikuwa wa tatu kuingia majini, na nilipompita Traugott sikumtazama usoni. Alikuwa anavunja nusu ya omo kwa mara ya pili ili aianze upya. Watu walimzunguka kwa mbali wakitoa maoni yao kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemgusa, maana hakuomba.

Nilipiga makafi hadi kwenye matete. Mashua haikwenda sawa. Ilivuta kushoto, nikarekebisha, ikavuta kushoto zaidi, na turubai mbele yangu likawa linapwaya mithili ya suruali ya mtu aliyekonda. Nikageuka kutazama ufukweni. Traugott alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, ubavu mmoja magotini. Frauke alikuwa amechuchumaa kando yake, mkono begani pake. Henrike alikuwa ameshika kisu cha keki na hakati, anangoja, wote wanangoja, kwa adabu ile yetu inayoumiza kuliko matusi.

Hapo ndipo mashua yangu ilipotoa mlio na ubavu wa tatu ukachomoka, ukanipiga goti na kunilalia mapajani kifudifudi. Upande unaotazama omo, ule usioonekana mashua ikiwa imeungwa, ulikuwa umejaa maandishi ya penseli, madogo, yaliyonyooka, mistari hadi ukingoni. Nilivaa miwani iliyokuwa ikining'inia shingoni kwa kamba.

"1974. Plau. Mvua siku nane, T. ameimba zote."

"1981. Frauke ameanguka majini, T. akaruka na viatu."

"1989. Hatukutoka."

Nilisoma nikiwa sielewi. Nilidhani nimepanda mashua ya mtu mwingine. Nikatazama ngozi, nikaona kiraka nilichokishona mimi mwenyewe. Nikatazama kafi, langu. Nikausoma tena ubavu, na jina la Almut halikuwepo, lakini nani mwingine angeandika hivyo? Ndipo karakana ikanirudia, jiko la kuni, mbavu zimeegemea ukutani, saba na saba, na mimi bila miwani. Kiwanda kilibadilisha vimo vya mbavu za mbele kati ya mashua yake na yangu. Kila mtu chamani anajua hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni hilo.

Nitasema na hili, maana nimejiahidi kusema yote. Nilifikiria kunyamaza. Nilikaa pale kwenye matete, ubavu mapajani, maji yakiingia polepole kwenye soksi, nikawaza kwamba Leipzig si mbali, chumba kina dirisha la bustani, na Traugott kweli aliweka siagi na viatu. Nikiufikisha ubavu huu ufukweni, watu watauliza ni nani aliyefungasha. Nilipima hivyo kwa muda ambao ni aibu kuutaja. Halafu Henrike akaiinua keki, nikaona Traugott anatikisa kichwa kukubali, nikaanza kupiga makafi.

Nilifika nimelowa hadi kiunoni. Nilikwenda moja kwa moja mbele yao wote nikamwekea ubavu miguuni.

"Huu ni wako," nikasema. "Na wa pili umo humo kwenye mashua. Nilizichanganya mimi, Oktoba. Siyo kichwa chako, Traugott. Ni changu."

Aliugeuza ubavu kwenye mwanga akaanza kusoma, na nikaona kwamba hakuwahi kuyaona maandishi yale, miaka yote ile, kwa sababu nusu ile haikuwa yake. Alisoma kwa midomo. Alipofika mstari wa mwisho alisimamisha kidole, akampa Frauke asome. Nilikuwa nimeuona. Ulisema: "2018. Mkono hauna nguvu tena. T. asijue, atauza mashua."

"Ndiyo maana alikuwa anachelewa," Traugott akasema. "Na mimi namwambia samaki wanazeeka."

Frauke alitaka kumshika, Traugott akamzuia kwa kiganja, taratibu. "Keki bado?" akauliza.

"Bado," Henrike akasema, na akakirudisha kisu mezani.

Nilifungua mashua yangu palepale nikamtolea ubavu wa pili. Huo nao ulikuwa na maandishi, lakini hakuyasoma. Aliuweka mahali pake, ukaingia bila sauti. Akauweka wa tatu. Akazisukuma nusu mbili ndani ya ngozi, akakandamiza kwa kifua, zikanasa. Hakuna aliyetoa maoni. Dakika kumi na tisa, Frauke alisema baadaye. Alikuwa ameshika saa ya baba yake. Traugott aliposimama, uso ulikuwa umelowa, na hakujisumbua kuufuta.

"Basi nimo," akasema.

"Umo, Baba," Frauke akasema.

Nilidhani sasa ataingia majini. Badala yake alichukua mbavu zangu mbili, zile zilizomtesa tangu Machi, akaniletea.

"Sasa ya kwako. Nitakungoja, twende pamoja."

Keki ilikatwa. Watu walichukua sahani zao wakaja kusimama kuzunguka mashua yangu, kwa furaha, maana mtu anapoumbuliwa chamani kwetu keki huwa tamu zaidi. Nilipiga magoti. Nikashika ubavu wa pili, wangu kabisa, wenye alama ya kucha yangu ya ujana. Nikajua ni wa pili. Nikaupeleka omo, nikasita, nikaupeleka tezi. Nikaangalia namba. Nikauweka chini nikashika wa tatu, na sikukumbuka kama nimekwisha kuuweka wa pili au la. Miaka arobaini na kitu naunga nusu zote mbili peke yangu. Msimu uliopita niliiunga vipi? Mwaka juzi je? Nilijaribu kuiona mikono yangu ikifanya kazi hiyo nikaona nyundo tu, nyundo ikigonga, msimu baada ya msimu.

Nikainua uso, nyundo ya mpira imo mkononi mwangu tayari. Wengine walikuwa wanatafuna. Frauke alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa ananitazama kwa macho yale aliyokuja nayo kwa ajili ya baba yake. Traugott alisimama juu yangu mikono nyuma, haondoki, hasemi, hanigusi, kwa sababu desturi ni desturi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiisimamia kwa ukali kuliko wote.

"Traugott," nikasema. "Nisaidie."

Akapiga magoti kando yangu kwenye nyasi, taratibu, kwanza goti moja, kisha lile bovu.

"Haya," akasema. "Kwanza weka nyundo chini."